Wifi Anatoka Muscat, Amletee Nassor Nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu, na mwaka jana hospitali walituambia ana usonji (autism). Maneno yake ni machache: maji, toka, bado. Kutwa anazungusha mifuniko ya sufuria. Anatafuna kola za fulana mpaka zinatoboka, na akitoka nje anatia mdomoni mawe, chaki, hata rangi inayobanduka ukutani. Tangu asubuhi anaruka juu ya kochi. Lakini blenda ikiwashwa anaziba masikio na kulia, na kumnyoa ni vita, tunamshika watu watatu. Wifi yangu anakuja kutoka Muscat mwisho wa mwezi na ameniomba orodha ya vitu vya kuchezea vya watoto wenye usonji. Mtandaoni nimeona blanketi zito, hema lenye taa, shanga za maji zinazovimba, kiti cha kuzunguka, tableti na vile vya kuziba masikio. Nichague vipi? Mama mkwe anasema vyote hivyo havina haja, nimnyang'anye tu mifuniko aache upuuzi. (Mama Nassor, Mbagala)

JIBU: Marahaba, Mama Nassor. Udaktari siuwezi, mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani namsaidia mtoto aziweze shughuli zake za kila siku: kula, kuvaa, kucheza, kuoga, kulala. Kwa kuwa wifi huenda yuko dukani tayari, nikupe majibu ya haraka kwanza. Vya kuziba masikio, ndiyo. Shanga za maji, hapana, hata akipewa bure. Blanketi zito, hapana. Hema unalo tayari ndani, nitakuonyesha. Kiti cha kuzunguka, si sasa. Tableti nitaisema kwa ufupi huko chini. Na mifuniko mwachie mtoto.

Nianze na hiyo mifuniko, maana barua yako yote imo humo.

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alichapisha maelezo ya watoto 11, na maelezo yale ndiyo yaliyoanzisha utambuzi wa usonji kama tunavyoujua. Mtoto wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald, kutoka mji mdogo wa Forest, Mississippi. Babake aliandika kwamba mtoto alikuwa na uchu wa kuzungusha vibao, sufuria na kila kitu cha duara. Donald Triplett alikuja kumaliza chuo kikuu, akafanya kazi benki katika mji wake, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Sisemi kuzungusha sufuria ndiko kulikompeleka benki, wala sisemi kila mtoto mwenye usonji atafika huko. Nataka tu mama mkwe asikie kwamba anachokifanya mjukuu wake kilionekana kwa mtoto wa kwanza kabisa kuandikwa, na wala hakikumharibu.

Ukimnyang'anya mifuniko leo, kesho atazungusha magurudumu ya baiskeli ya jirani, na keshokutwa pangaboi. Hamu haiondoki kwa kuondolewa kifaa. Swali lenye faida ni hili: mfuniko unampa nini?

Kaa naye sakafuni utazame. Mfuniko wa bati ukizungushwa juu ya saruji hutoa mambo matatu kwa mpigo. Unamemeta. Unalia. Na mwisho wake unajulikana: kadiri unavyokaribia kulala ndivyo mlio unavyoharakisha, halafu kimya. Sasa yatenganishe. Tandika mkeka au khanga iliyokunjwa, umwachie azungushe hapo. Mlio umekufa, mng'aro umebaki. Siku nyingine mpe mfuniko wa plastiki wa ndoo ndogo juu ya saruji. Mlio upo, mng'aro haupo. Tazama anaweka wapi uso wake. Mwingine hulaza shavu sakafuni na kutazama kwa pembe ya jicho, huyo anafuata mwanga. Mwingine hainami kabisa, anasimama akitikisa mikono mpaka mlio ukatike, kisha anarudia; huyo anafuata sauti, au ule uhakika wa mwisho.

Mfuata mwanga atapenda pia, yaani kile kichezeo chenye ncha chini kinachozungushwa sakafuni, cha mti au cha plastiki. Atapenda chupa ya maji iliyotiwa maji nusu, mafuta ya kula nusu na vipande vya karatasi ya kung'aa, kizibo kikagandishwa kwa gundi imara. Mfuata sauti mtafutie njuga, kopo la kutikisa, marimba ndogo. Anayependa kujua mwisho utakuwaje mtengenezee mnara wa vikopo wa kuangusha, au kata bomba la plastiki la maji, liegemeze kwenye kiti, mpira uteremke humo na kutokea upande wa pili. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji ndege kutoka Muscat, ingawa pia nzuri ya mti wifi akiiona aichukue.

Kuna jambo kubwa kuliko kubadilisha mfuniko, nalo ni kuingia mchezoni. Chukua mfuniko wako mwenyewe; wake usiuguse. Kaa ubavuni pake, usimkabili kama mwalimu. Akizungusha, nawe zungusha. Usiseme "hii ni rangi gani?", usiseme "tazama mama!". Siku ya kwanza huenda akabeba mali yake akahamia kona nyingine, mwache aende. Siku atakayokutupia jicho, hata nusu ya sekunde, umekaribishwa.

Ukishazoeleka, simamisha mfuniko wako wima, useme taratibu, "Zuuu-ngu..." kisha nyamaza. Subiri. Hesabu hadi kumi moyoni, na nakuonya hesabu hiyo ni ndefu sana kwa mzazi. Anaweza kukugusa mkono, kukutazama, kutoa mlio wowote. Hilo ni ombi. Lijibu hapo hapo, "zungusha!", na uuzungushe. Usimdai neno kamili ndipo umpe, maana ukigeuza mchezo kuwa mtihani atarudi kwenye kona yake. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, mnaacha bado anautaka. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji, na yamefanyiwa kazi Ethiopia na Kenya; msingi wake ni huu huu, mlezi kutumia michezo na kazi za nyumbani zilizokwishakuwepo badala ya kusubiri chumba cha tiba.

Kwa hiyo mimi nikishika kitu cha kuchezea dukani najiuliza swali moja: kinaniachia nafasi? Ile pia inahitaji mtu wa kuizungusha mpaka mtoto ajue mwenyewe. Mapovu ya sabuni yanahitaji mtu wa kupuliza. Puto linahitaji pumzi ya mkubwa, na ukiliachia likapaa likifyatuka, hata mtoto asiyesema atakuletea ulirudishie pumzi (likipasuka okota vipande vyote mara moja, vinaziba koo). Lakini mdoli wa betri unaobonyezwa ukaimba nyimbo nne kwa kurudia, huyo hamhitaji mtu. Mtoto na mdoli wanamalizana. Mwambie wifi vya namna hiyo avipite, hata kama boksi limeandikwa "kwa watoto wenye usonji". Maandishi hayo ni ya muuzaji.

Tuje kwenye mwili wake. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Katika kazi yetu tunaongeza mingine mitatu: ule wa misuli na viungo, unaomwambia mtu mkono wake uko wapi na anatumia nguvu kiasi gani, ule wa sikio la ndani, unaohusu mwendo na kutoanguka, na ule wa ndani ya mwili, wa njaa, kiu na haja. Mmarekani A. Jean Ayres, mtaalamu mwenzetu, ndiye aliyeujenga mtazamo huu, na kitabu chake kikuu kilitoka 1972. Mwongozo wa Kimarekani wa utambuzi uliotoka 2013 nao ukaziweka tofauti hizi za hisia miongoni mwa dalili za usonji: kutafuta hisia kupita kiasi, kuzikimbia, au kama hazimfikii.

Soma tena barua yako. Kuruka kochini, kutafuna kola: anatafuta. Blenda, mashine ya kunyolea: anakimbia. Mtoto mmoja, nyumba moja, siku moja. Ndiyo maana boksi moja la "vifaa vya hisia" haliwezi kumfaa kila mtoto mwenye usonji. Ninaye mtoto anayelia akiguswa na mchanga, na mwingine anayetaka kujizika humo mpaka shingoni, na karatasi zao za hospitali zinasema neno lile lile.

Tafuta daftari. Kwa wiki moja tu andika mambo manne: saa ngapi, kilitangulia nini, alifanya nini, na baada yake alikuwaje. Hilo la mwisho wazazi hulisahau na ndilo ninaloliangalia kwanza. Akiruka kochini robo saa, anashuka ametulia, anakaa, anakula? Basi kuruka kunamjenga, mpe pa kurukia. Au anashuka amechachamaa zaidi, anacheka ovyo, anapiga kichwa? Basi kuruka peke yake hakumtoshi, anahitaji kitu kizito zaidi.

Kizito namaanisha kazi ya misuli: kusukuma, kuvuta, kubeba, kukanda, kutwanga. Kwa watoto wengi ninaowaona, kazi hizi hutuliza, na kwenye nyumba ya Mbagala zimejaa tele. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina kilo moja na nusu. Kwa mtoto wa kilo kumi na sita huo ni mzigo wa kutosha na si wa kumuumiza. Aibebe kutoka mlangoni hadi jikoni, arudi kwa nyingine. Asukume ndoo yenye viazi sakafuni. Avute khanga ambayo mdogo wake ameikalia. Afue fulana yake mwenyewe kwenye beseni na kuikamua. Kinu kidogo cha vitunguu saumu, atwange akiwa ameketi, wewe ukiwa pembeni.

Hapa ndipo ninapomtaka mama mkwe. Mwombe amsimamie Nassor kukanda unga wa chapati. Si mchezo wa kujifanya, ni chapati zenyewe za jioni. Akande, abonyeze kwa kiganja, avingirishe, asukume. Mikono inapata mkandamizo, bibi anapata msaidizi, na mtoto anaonekana ana kazi nyumbani. Mwambie kwa adabu yake: "Mama, mtaalamu ameomba wewe ndiye umshike jikoni, kwa sababu una subira kuliko mimi." Ukweli wa hiyo sentensi mtajuana wenyewe. Wala usimdai mtoto chapati ya duara.

Kama hapendi unga kumganda mikononi, usimshike mkono ukauchovya. Hilo nalisema kwa mkazo kwa sababu naliona sana, hata katika vituo: mtoto analia, mkubwa anamzamisha mkono ndani ya beseni la rangi "ili azoee". Anachozoea ni kukuogopa. Mpe kijiko achotee, mpe mfuko wa plastiki mgumu uliofungwa ndani yake unga wenye maji abonyeze kwa nje, mpe kitambaa karibu ajifute kila anapotaka. Mtoto anayejua kitambaa kipo huthubutu zaidi.

Udongo wa kufinyanga wa kutengeneza nyumbani wengi hutia chumvi kikombe kizima. Kwa Nassor usitie. Anayetia vitu mdomoni akila donge la unga wa chumvi nyingi, chumvi mwilini inaweza kupanda kwa hatari. Unga wa ngano, maji, mafuta kidogo na bizari ya rangi vinatosha. Utachacha baada ya siku mbili, utupe, utengeneze mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo, beseni la maharage na kunde ambalo utaliona kwenye kila video, mwekee kando mpaka mdomo utulie. Maharage yanaingia puani na koo. Hata bao, ambalo nalipenda mno kwa watoto wanaopanga vitu kwa mstari, komwe zake kwa sasa ni za kuziba njia ya hewa. Kipimo cha haraka: chukua lile bomba la karatasi ngumu lililo katikati ya karatasi ya chooni, kinachopita humo hakifai kwa mtoto anayetia vitu mdomoni.

Kuhusu mdomo wenyewe, nitenganishe mambo mawili. Kutafuna kola ni kutafuta mkandamizo kwenye taya, na dawa yake ni kumpa cha kutafuna kinachostahili. Hiki mwagize wifi: kitafunio cha silikoni cha kipande kimoja, kigumu, kisicho na maji wala jeli ndani, cha kubana kwenye fulana kwa klipu fupi. Cha kuvaa shingoni kwa kamba isiyokatika, hapana. Achukue viwili vinavyofanana kabisa, kwa kuwa siku kitakapopotea hutaweza kumweleza kwamba cha rangi nyingine ni kile kile. Nyumbani mpe mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, chapati iliyokaushwa, mtindi mzito wa kuvuta kwa mrija. Vyote akiwa ameketi nawe.

Kula mawe, chaki na rangi ya ukutani ni jambo jingine, na hilo usilitibu kwa kichezeo. Mpeleke kliniki, waambie waziwazi anakula visivyoliwa, waangalie damu na madini ya chuma, maana upungufu wake huenda sambamba na tabia hiyo. Waulize pia kuhusu kipimo cha madini ya risasi (lead) kwenye damu. Rangi za zamani huwa na risasi, na risasi inadhuru ubongo wa mtoto bila kuonyesha dalili mapema. Wakati mnasubiri, pafute hapo ukutani kwa kitambaa kibichi mtoto akiwa hayupo, vumbi lisitimke, kisha sogeza kabati lipazibe.

Masikio sasa. Vya kuziba masikio vya watoto, vile vikubwa vya kufunika sikio zima visivyo na waya wala muziki, ni pesa itakayorudi. Avijaribu kwanza pakiwa kimya, sekunde chache, akiwa anazungusha mfuniko wake. Ukimvalisha mara ya kwanza wakati blenda inaunguruma, ataviunganisha na blenda na hatavitaka tena. Tumia kwa kelele inayojulikana: blenda, jenereta, harusini, kwenye daladala. Asishinde navyo siku nzima. Masikio yakikaa kimya muda wote, sauti za kawaida nazo zitaanza kumshtua. Na blenda, mwonyeshe kabla. Mpe yeye awe mtu wa kubonyeza. Kelele unayoiwasha mwenyewe haina kishindo kama ya kushtukiziwa.

Kunyoa: acheni kumshika watu watatu. Afadhali nywele zirefuke mwezi. Mashine ikiwa imezimwa iguse mkono wake, begani, kisogoni, siku kwa siku. Iwashwe chumba cha pili akiwa anacheza. Kabla ya kunyoa mkandamize kichwa kwa viganja viwili, kwa uzito, sekunde kumi hivi. Mguso mwepesi ndio unaowasumbua wengi wao, mzito wanauvumilia. Anza kwa mkasi, upande mmoja leo, mwingine kesho. Atatembea na kichwa cha ajabu siku mbili, watu watauliza, waambie ndiyo mtindo. Mkienda kwa kinyozi, nendeni siku na saa ambayo kiti ni kitupu na redio imezimwa, na umfunge taulo lake la nyumbani, maana nywele zinazodondokea shingoni zinamchoma kuliko mashine yenyewe.

Nilikuahidi hema. Meza, khanga mbili kubwa, mto. Basi. Taa za kumetameta sizipendi kwa mtoto ambaye bado hatujajua kama ana kifafa, na kifafa huambatana na usonji mara nyingi kuliko kwa watoto wengine. Hapo chini ya meza pawe mahali pa kupumzikia anapokwenda kwa hiari. Siku mtakapomfungia humo kwa adhabu, pamekufa.

Bembea ningeitafuta kabla ya kiti cha kuzunguka. Kubembea mbele na nyuma taratibu hutuliza watoto wengi. Kuzunguka huamsha, na madhara yake huweza kuja baadaye, mtoto akaanza kutapika au kukosa usingizi saa moja tangu ashuke. Shuka imara ikishikwa na watu wazima wawili, mtoto katikati, inatosha kujua kama anapenda. Akipauka, akitoka jasho baridi au akinyamaza ghafla, mshushe. Mambo ya kuruka na kubembea yawe kabla ya chakula cha jioni. Saa ya kulala isogeleeni na kukandamizwa mgongo, maji ya vuguvugu, taa moja.

Blanketi zito nalijua linavyosifiwa. Mwaka 2014 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Uingereza ambamo watoto 67 wenye usonji na usingizi mbovu walijaribishwa blanketi zito kwa majuma mawili hivi na la kawaida kwa muda kama huo. Hawakulala mapema zaidi wala muda mrefu zaidi kwa sababu ya uzito, ingawa wazazi na watoto wengi walilipenda. Na mwaka 2008, Quebec huko Kanada, mtoto wa miaka tisa mwenye usonji alifariki shuleni akiwa amevingirishwa blanketi la namna hiyo. Ongeza joto la Dar es Salaam la Februari, halafu mtoto asiyeweza kusema "nitoeni". Kama anapenda uzito, mkumbatie kwa nguvu, au mlaze kati ya magodoro mawili kama mayai katikati ya mkate, kichwa nje, akitaka kutoka anatoka.

Shanga za maji ni punje ndogo zinazovimba mara nyingi ya ukubwa wake zikikaa majini. Zikimezwa huvimbia tumboni na kuziba utumbo, na eksirei ya kawaida mara nyingi haizioni. Mwishoni mwa 2023 maduka makubwa ya Marekani yaliacha kuzitangaza na kuziuza kwa ajili ya watoto. Vilevile sumaku ndogo zenye nguvu na vitu vyenye betri bapa za kitufe ambavyo mlango wa betri haufungwi kwa skrubu: betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ukihisi amemeza, hospitali hapo hapo, usimtapishe.

Tableti: Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa miaka miwili hadi minne lilipendekeza 2019 muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Kama baadaye mtaalamu wa mazungumzo atataka atumie picha za kubonyeza ili kuwasiliana, hiyo ni zana ya kusemea, itahesabiwa kwingine. Wifi asihangaike nayo safari hii.

Maji ya kuchezea ni bora kuliko vingi nilivyotaja: beseni, vikombe, chujio, chupa ya kumimina. Lakini mtu mzima asibanduke. Watoto hawa wengi huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wale wanaotoroka nyumbani. Funika ndoo na pipa, jua majirani gani wana kisima au shimo wazi, na waambie majirani hao wakimwona peke yake wamshike mkono wakulete.

Neno moja kuhusu pesa. Utakutana na watu wa kukuuzia "tiba ya hisia" kwa malipo makubwa. Mimi ninaifanya kazi hii na naiamini kwa mtoto anayefaa, lakini utafiti mkubwa wa Uingereza wa watoto 138, uliochapishwa 2022, haukuona kwamba tiba hiyo iliwazidishia faida kuliko huduma ya kawaida. Kwa hiyo anayekuahidi kuondoa usonji kwa bembea na mipira, mkimbie. Anayekuuliza "unataka aweze nini ifikapo Juni?" msikilize. Wataalamu wa fani yetu hapa nchini wengi wamefundishwa kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Hospitali ya rufaa ya karibu nawe waulize kama wanaye.

Orodha ya wifi basi itume hivi: vya kuziba masikio vya ukubwa wa mtoto, vitafunio viwili vya silikoni vinavyofanana, pia ya mti, chupa ya mapovu, na mpira mkubwa wa kukalia ule usiopasuka kwa kishindo, kama nafasi ipo kwenye begi mpira ukiwa haujajazwa upepo. Akibakiwa na riyali amnunulie mama mkwe kitu.

Na mwambie mambo mawili kabla hajapanda ndege. Kwanza, siku ya kukutana na Nassor asijifukize udi wala kujimwagia manukato, maana pua nayo ni mlango, na asimrukie kwa mabusu. Aketi chini, ashike mfuniko, asubiri. Pili, begi lisifunguliwe lote mbele yake. Siku ya kwanza itoke ile pia ya mti peke yake. Vingine viwekwe juu ya kabati, vishuke kimoja kwa wiki, na kile ambacho hakimvutii kirudi juu kikae mwezi kabla hujakigawa.